Jiwe la St James's Square: Kuuawa kwa Konstebo Yvonne Fletcher na Historia ya Kuwakumbuka Polisi Uingereza

Tangu Sir Robert Peel alipoliunda Jeshi la Polisi la London mwaka 1829, askari wa jeshi hilo waliouawa kazini walizikwa na wenzao, majina yao yakaandikwa katika kumbukumbu za vituo walivyotoka, na baada ya muda wakabaki kukumbukwa na jamaa zao na watu wachache wa kazi hiyo hiyo. Wanajeshi walikuwa na mnara wa kumbukumbu karibu katika kila mji na kila kijiji cha Uingereza, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini askari polisi aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu katika barabara ya mjini hakuwekewa alama ya kudumu mahali alipoanguka, isipokuwa kwa nadra na kwa juhudi za watu wa mtaa husika. Desturi ya kuweka jiwe mahali penyewe pa mauaji, kwa utaratibu wa kitaifa na kwa michango ya umma, ilianza tarehe 1 Februari 1985 katika St James's Square, katikati ya London, kwa ajili ya askari wa kike wa miaka 25 aliyeitwa Yvonne Fletcher. Jiwe hilo lilisimamishwa miezi tisa na nusu baada ya kifo chake, ilhali mahakama ilihitaji miaka 37 kumtaja mtu yeyote kuwa anawajibika kwa kifo hicho, na hata hapo ilimtaja katika kesi ya madai tu. Umbali huo kati ya jiwe na hukumu ndio unaoipa historia hii uzito wake.

Ili kuelewa upya wa jambo lililofanyika mwaka 1985, ni lazima kwanza kurudi kwenye miaka ya mwanzo ya jeshi hilo, wakati ambapo wakazi wengi wa London waliwaona polisi kuwa chombo cha serikali cha kuwapeleleza na kuwabana. Askari wa kwanza wa jeshi hilo kuuawa kazini, Joseph Grantham, alipigwa mateke hadi kufa mwezi Juni 1830 alipojaribu kuamua ugomvi huko Somers Town, na baraza la raia lililoketi kuchunguza sababu ya kifo chake liliona kwamba yeye mwenyewe alichangia kwa kujitutumua kupita kiasi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Mei 1833, polisi waliuvamia kwa virungu mkutano wa wafanyakazi uliokuwa umepigwa marufuku katika uwanja wa Coldbath Fields, na katika vurugu hiyo konstebo Robert Culley akachomwa kisu na kufa. Wajumbe wa baraza la uchunguzi walitamka kwamba mauaji hayo yalikuwa na sababu ya haki, kwa kuwa mkutano haukutawanywa kwa taratibu za kisheria na polisi walitumia ukatili. Uamuzi huo ulitenguliwa baadaye na mahakama, lakini wajumbe walikuwa wamekwisha kushangiliwa mitaani, wakafanyiwa karamu na kutengenezewa nishani. Culley aliacha mke mjamzito. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jamii iliyoamua kwa makusudi kumheshimu aliyeua badala ya aliyeuawa, ingawa haki inadai isemwe pia kwamba ghadhabu ya watu wale dhidi ya virungu vya siku hiyo haikuwa ya bure.

Mwelekeo huo ulibadilika polepole. Mnamo Desemba 1910 askari watatu walipouawa Houndsditch na majambazi waliokuwa wakitoboa ukuta wa duka la vito, ibada yao ilifanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo na umati ulijaa barabarani. Tarehe 12 Agosti 1966, askari watatu wasio na silaha walipopigwa risasi mmoja baada ya mwingine katika Braybrook Street, magharibi ya London, nchi nzima ilitikisika, ibada ya kumbukumbu ikafanyika katika Westminster Abbey, na mfuko wa kudumu wa kuwasaidia wajane na yatima wa polisi ukaanzishwa. Hata hivyo huruma hiyo ilijieleza kwa sala na kwa fedha. Braybrook Street yenyewe haikuwekewa jiwe hadi mwaka 1988, na jiwe hilo liliwekwa kwa sababu ya kile kilichokuwa kimetokea St James's Square.

Upande wa pili wa historia hii unaanzia Tripoli. Kanali Muammar Gaddafi alitwaa madaraka nchini Libya tarehe 1 Septemba 1969, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 alikuwa ameibadili nchi hiyo kuwa kile alichokiita Jamahiriya, yaani dola ya umma, ambamo kwa maelezo rasmi wananchi walijitawala wenyewe kupitia kamati, huku madaraka halisi yakibaki mikononi mwake na mwa kamati za kimapinduzi zilizomtii. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu Gaddafi wa miaka hiyo kwa askari aliowapeleka Uganda mwaka 1979 kumkinga Idi Amin dhidi ya majeshi ya Tanzania. Wakazi wa London walimfahamu kwa njia nyingine, kwa kuwa mwaka 1980 utawala wake uliwatangazia Walibya waliokimbilia ng'ambo kwamba wasiporejea nyumbani wangesakwa na kuuawa popote walipo, na mwezi Aprili mwaka huo mtangazaji wa idhaa ya Kiarabu ya BBC alipigwa risasi nje ya msikiti wa Regent's Park, kisha mwanasheria mmoja wa Libya akauawa Kensington kabla mwezi huo haujaisha. Mwezi Juni, serikali ya Uingereza ilimfukuza mkuu wa ujumbe wa Libya nchini humo, Musa Kusa, baada ya yeye kuliambia gazeti la The Times kwamba anaunga mkono mauaji zaidi.

Ujumbe huo haukuitwa ubalozi. Mwaka 1979 balozi za Libya ziligeuzwa kuwa Ofisi za Umma, zikiendeshwa na kamati za wanafunzi na makada badala ya wanadiplomasia wa kawaida, na ile ya London iliwekwa katika jumba namba 5 la St James's Square. Uwanja huo, uliopimwa na kujengwa katika karne ya 17 kwa ajili ya makazi ya wakubwa, una bustani katikati na safu za nyumba ndefu pande zote, na miongoni mwa majirani wa Ofisi ya Umma ilikuwamo maktaba maarufu ya watu binafsi pamoja na taasisi ya mambo ya kimataifa ya Chatham House. Mabadiliko ya jina hayakubadili hadhi ya kisheria ya jengo, kwani Uingereza iliendelea kulihesabu kuwa makao ya ujumbe wa kibalozi na kuwatambua baadhi ya waliokaa ndani yake kuwa wanadiplomasia. Mwezi Februari 1984 kundi la wanafunzi wenye msimamo mkali zaidi, lililokuwa na baraka za Tripoli, lilichukua uongozi wa ofisi hiyo, na mwezi uliofuata mabomu yaliyowalenga wapinzani wa Gaddafi yalilipuka London na Manchester.

Kufikia katikati ya Aprili habari ilikuwa imefika kwamba wanafunzi wawili walikuwa wamenyongwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Tripoli, na chama cha wapinzani kilichojulikana kama Harakati ya Kitaifa ya Wokovu wa Libya kikaitisha maandamano mbele ya Ofisi ya Umma asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Aprili 1984. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wajumbe wa ofisi hiyo walikwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kutaka maandamano yazuiwe, wakionya kwamba wao hawatawajibika kwa litakalotokea. Walijibiwa kwamba kwa sheria za nchi hiyo watu wana haki ya kuandamana kwa amani. Baadaye ilielezwa kwamba mawasiliano kati ya Tripoli na London yaliyohusu kuwajibu waandamanaji kwa nguvu yalikuwa yamenaswa na wapelelezi wa Uingereza, lakini taarifa hiyo haikuwafikia polisi waliopangwa uwanjani. Askari hao, wapatao 30, walifika na vizuizi vya chuma na virungu, kama walivyokuwa wakifika katika maandamano mengine mengi mjini humo.

Mmoja wao alikuwa Yvonne Joyce Fletcher, aliyezaliwa tarehe 15 Juni 1958 katika kijiji cha Semley, Wiltshire, akiwa binti mkubwa katika familia ya mabinti wanne. Alitaka kuwa polisi tangu utotoni, na kikwazo chake kikubwa kilikuwa urefu, kwa kuwa alikuwa na sentimita 159 hivi wakati jeshi la London lilidai askari wa kike awe na walau sentimita 163. Majeshi kadhaa ya polisi yalimkataa kwa sababu hiyo kabla London haijamkubali mwaka 1977. Alipangiwa kituo cha Bow Street, kimojawapo cha vituo vyenye historia ndefu zaidi mjini humo, na akachumbiwa na askari mwenzake wa kituo hicho ambaye asubuhi ya tarehe 17 Aprili alikuwa kazini naye uwanjani. Cheo chake, konstebo, ndicho cha chini kabisa katika polisi ya Uingereza, na kwa wakati ule wanawake waliandikwa kwa herufi tatu zilizowatofautisha na wanaume, utaratibu uliofutwa mwaka 1999. Miezi minne tu kabla ya siku hiyo, askari mwingine wa kike wa London, Jane Arbuthnot, aliuawa na bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, nje ya duka la Harrods, kwa hiyo hatari ya kazi haikuwa jambo la kusadikika tu kwa wanawake wa kizazi chake.

Asubuhi hiyo wafanyakazi wa Ofisi ya Umma walijaribu kuzuia vizuizi visiwekwe, na mmoja wao, Saleh Ibrahim Mabrouk, akakamatwa na kuondolewa. Waandamanaji wapatao 75, wengi wao wakiwa wameficha nyuso zao ili jamaa zao waliobaki Libya wasije wakaadhibiwa, walisimama nyuma ya vizuizi upande wa bustani wakipiga kelele dhidi ya Gaddafi, huku wafuasi wake wakiwajibu kutoka upande wa jengo. Fletcher alisimama kati ya pande mbili hizo, uso ukiwaelekea waandamanaji na mgongo ukilielekea jumba namba 5, kwa kuwa kazi aliyopewa ilikuwa kuwaangalia waandamanaji wasivunje amani na hakuna aliyetarajia kwamba hatari ingetoka madirishani. Saa 4:18 asubuhi bunduki rashasha ndogo ilifyatuliwa kutoka ghorofa ya kwanza. Waandamanaji 11 walijeruhiwa, na Fletcher akapigwa risasi mgongoni. Askari aliyekuwa karibu naye, John Murray, alimwinamia, akamfuata hadi ndani ya gari la wagonjwa, na kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ameyarudia hadharani kwa miongo kadhaa, alimwahidi njiani kwamba atawatafuta waliohusika. Fletcher alifariki katika Hospitali ya Westminster kabla ya saa saba mchana.

Kofia yake, pamoja na helmeti za askari waliokuwa wakimhudumia, ilibaki chini pale pale alipoanguka, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kusogea mbele ya madirisha ya jengo, na kamera za televisheni ziliionyesha siku baada ya siku. Picha hiyo ndiyo iliyowafanya watu wasiomjua Fletcher wamwone kuwa wao. Katika kesi nyingine za kuuawa kwa polisi mahali pa tukio hufagiliwa na kufunguliwa baada ya saa chache, lakini hapa kuzingirwa kwa jengo kulipafungia mahali hapo mbele ya macho ya nchi nzima, na fikra ya kwamba mahali penyewe panastahili kuhifadhiwa, ambayo baadaye ilizaa jiwe, ilianza katika siku hizo.

Kuzingirwa huko kulidumu siku 11, na kwa mtu asiyeijua sheria ya mabalozi kulikuwa fedheha isiyoelezeka. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi, ambao Uingereza iliuingiza katika sheria zake mwaka 1964, una kanuni tatu zilizotawala mambo yote yaliyofuata. Ya kwanza ni kwamba jengo la ujumbe wa kibalozi haliingiliki, maana yake maofisa wa nchi mwenyeji hawawezi kuingia humo bila idhini ya mkuu wa ujumbe. Ya pili ni kinga ya kibalozi, yaani hifadhi inayomfanya mwanadiplomasia asiweze kukamatwa wala kushtakiwa kwa jinai katika nchi anakofanyia kazi, ambayo inaweza kuondolewa na serikali yake peke yake. Ya tatu inahusu mfuko wa kibalozi, ambalo ni jina la mzigo wowote wenye alama rasmi unaobeba nyaraka na vifaa vya ujumbe, na ambao haufunguliwi wala kuzuiwa. Nchi mwenyeji inapoudhika, adhabu kubwa iliyo mikononi mwake ni kuwafukuza wanadiplomasia au kuvunja uhusiano, na hata baada ya kuuvunja inalazimika kuwapa muda na usalama wa kuondoka.

Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikuwa ziarani Ureno siku ya mauaji na Waziri wa Mambo ya Nje, Sir Geoffrey Howe, alikuwa China, hivyo mzigo wa siku za kwanza ulimwangukia Waziri wa Mambo ya Ndani, Leon Brittan. Serikali ingeweza kudai kwamba ubalozi unaofyatua risasi umejivua hadhi yake, na wapo wanasheria waliolisema hilo, lakini hesabu iliyofanywa London ilihusu pia Tripoli, ambako saa chache baada ya mauaji askari waliuzingira ubalozi wa Uingereza ukiwa na balozi Oliver Miles na watumishi wake ndani, mbali na maelfu ya Waingereza waliokuwa wakifanya kazi nchini Libya. Kanuni inayomlinda mwanadiplomasia mhalifu London ndiyo ile ile inayomlinda mwanadiplomasia mwema katika nchi ambayo watawala wake hawana simile, na Uingereza, yenye balozi nyingi katika nchi za namna hiyo, ilikuwa na hasara kubwa zaidi ya kuivunja. Uamuzi huo ulikuwa mgumu na yaelekea ulikuwa sahihi, jambo ambalo halipunguzi chochote katika uchungu wa wazazi wa Semley.

Tarehe 22 Aprili Uingereza ilitangaza kuvunja uhusiano na Libya. Tarehe 27 Aprili watu 30 waliokuwa ndani ya jumba namba 5 walitoka mmoja mmoja, wakapekuliwa, wakapelekwa kuhojiwa, kisha wakasafirishwa kwa ndege kurudi Libya, na mifuko yao ya kibalozi ikaondoka bila kufunguliwa. Inaaminika kwamba silaha iliyotumika iliondoka ndani ya mojawapo ya mifuko hiyo. Siku hiyo hiyo, katika Kanisa Kuu la Salisbury, Fletcher aliagwa kwa ibada iliyohudhuriwa na mamia ya askari polisi, na kofia yake iliwekwa juu ya jeneza. Kwamba washukiwa waliondoka nchini na marehemu akaagwa katika siku moja ni sadfa ya kalenda, lakini ndivyo ilivyotokea, na magazeti ya kesho yake yalizibeba habari zote mbili. Polisi walipoingia hatimaye katika jengo walikuta bastola na risasi, pamoja na dalili za kufyatuliwa kwa silaha karibu na dirisha. Uchunguzi wa sababu ya kifo, unaoendeshwa na ofisa wa mahakama aitwaye korona akisaidiwa na baraza la raia, ulitamka kwamba Fletcher aliuawa isivyo halali. Jina la aliyemuua halikutajwa.

Ni katika pengo hilo ndipo alipoingia mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Michael Winner alikuwa mwongozaji wa filamu, mpenda anasa na mpenda maneno makali, aliyejulikana zaidi kwa filamu ya Death Wish ya mwaka 1974, inayosimulia mwananchi anayechukua sheria mkononi baada ya polisi kushindwa. Siku chache baada ya mauaji aliandika barua katika gazeti la The Times akipendekeza kwamba Fletcher awekewe kumbukumbu mahali alipouawa, kwa hoja kwamba taifa linalowajengea minara askari wa vita limewasahau askari wanaokufa kila siku likiwa katika amani. Wasomaji walianza kumtumia fedha bila kuombwa, na tarehe 3 Mei 1984 akaanzisha Mfuko wa Kumbukumbu za Polisi, ambao ungechanga fedha na kuweka mawe kwa ajili ya askari wa Uingereza waliouawa wakiwa kazini. Wazo hilo halikupokelewa na kila mtu kwa shangwe. Ndani ya serikali na polisi walikuwapo waliohofu kwamba alama za namna hiyo zingezikatisha tamaa familia za askari, zingevutia waharibifu, au zingezidi kuwa nyingi hadi barabara za mijini zigeuke makaburi.

Jiwe lenyewe ni dogo. Ni nguzo fupi iliyosimamishwa ukingoni mwa bustani, ikilielekea jumba namba 5, na maandishi yake yanasema tu kwamba hapa ndipo alipoanguka askari Yvonne Fletcher, kisha tarehe. Hakuna neno la ushujaa, hakuna aya ya Biblia, hakuna jina la Libya wala la serikali iliyotoa amri. Maandishi ya vita huwa na maneno mengi kuhusu nchi, Mungu na sadaka kwa sababu hutakiwa kuhalalisha vifo vya maelfu. Maandishi haya yanaonyesha kidole chini, hapa, na kumwachia mpita njia ainue macho aone dirisha. Aliyelizindua alikuwa Thatcher mwenyewe, na mbele yake walisimama viongozi wa vyama vyote vikuu vya upinzani, jambo lililoonekana kuwa la ajabu wakati ule, kwa kuwa mgomo wa wachimba makaa ya mawe ulikuwa bado unaendelea na polisi walikuwa katikati ya ugomvi mkali kuliko wote wa kisiasa wa muongo huo. Wapo watu wa migodini ambao mwaka huo wasingesimama kumheshimu polisi yeyote. Kwa Fletcher, aliyekufa akiilinda haki ya wageni kuandamana, hata wao hawakuwa na la kusema.

Baada ya jiwe hilo yalifuata mengine katika miji na vijiji vya Uingereza, mengi yakiwekwa mahali penyewe pa tukio, likiwamo la Braybrook Street lililotajwa awali. Winner alitumia miaka mingi kudai pia kumbukumbu moja ya kitaifa, na tarehe 26 Aprili 2005 Malkia Elizabeth II aliizindua pembeni mwa barabara ya The Mall, London, kwa muundo wa mbunifu Norman Foster: nguzo ya vioo inayotoa mwanga, ukuta mweusi unaofunikwa na mimea, na nyuma ya kioo kitabu chenye majina ya askari waliouawa. Wakati mfuko unaanzishwa, serikali ilikuwa imeliacha jambo hilo mikononi mwa mwongozaji wa filamu. Miaka 21 baadaye mkuu wa dola alikuwa akilifanya kwa mikono yake.

Sheria nayo ilisogea, ingawa kwa hatua fupi. Mwezi Julai 1984 Umaru Dikko, aliyewahi kuwa waziri wa Nigeria, alitekwa London na kufungiwa katika kasha lililokuwa lisafirishwe kwa ndege kwenda Lagos. Maofisa wa forodha wa uwanja wa Stansted waliweza kulifungua kwa sababu halikuwa na alama kamili za mfuko wa kibalozi, na akaokolewa akiwa hai. Visa viwili ndani ya miezi mitatu vililifanya Bunge liichunguze mada nzima ya matumizi mabaya ya kinga, na kamati yake ya mambo ya nje ikahitimisha kwamba kuubadili Mkataba wa Vienna hakuwezekani wala hakutamaniki, bali serikali iwe kali zaidi katika kuutekeleza. Sheria ya mwaka 1987 kuhusu majengo ya kibalozi ilimpa waziri mamlaka ya kukubali au kukataa jengo lihesabiwe kuwa la ujumbe, na kuiondoa hadhi hiyo linapotumiwa vibaya.

Kwa upande wa siasa, kifo cha Fletcher kilikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya Thatcher aruhusu ndege za Marekani ziondoke katika vituo vya Uingereza kwenda kuipiga Libya mwezi Aprili 1986. Kisha, baada ya kulipuliwa kwa ndege ya abiria juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, na miaka ya vikwazo dhidi ya Libya, upepo ukageuka. Mwezi Julai 1999 Libya ilikubali kwamba inawajibika kwa jumla kwa kifo cha Fletcher na kuilipa familia yake fidia ya pauni 250,000, na uhusiano ukarejeshwa. Maneno hayo, kuwajibika kwa jumla, yalichaguliwa na wanadiplomasia kwa uangalifu, kwa kuwa dola iliweza kuyatamka bila kumtoa mtu hata mmoja. Mwaka 2004 Waziri Mkuu Tony Blair alimtembelea Gaddafi hemani kwake. Gaddafi alipoangushwa na kuuawa mwaka 2011 ilidhaniwa kwamba faili za Tripoli zingefunguka, lakini nchi ilitumbukia katika vita na wapelelezi wakakosa hata mlango wa kubisha.

Mwezi Novemba 2015 polisi wa London walimkamata Mabrouk, yule aliyeondolewa uwanjani asubuhi ya mauaji na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiishi Uingereza, kwa tuhuma za kula njama ya kuua. Mwezi Mei 2017 akaachiwa bila kushtakiwa, baada ya kuelezwa kwamba ushahidi muhimu hauwezi kutolewa mahakamani kwa sababu za usalama wa taifa. Mwaka 1984 kinga ya dola ya kigeni ndiyo iliyoifunga njia ya mahakama. Mwaka 2017 iliyoifunga ilikuwa siri ya dola aliyoitumikia marehemu, na hilo kwa wengi wa askari wenzake lilikuwa gumu zaidi kulimeza kuliko lile la kwanza.

John Murray, akiwa amestaafu polisi zamani, aligeukia kesi ya madai, ambayo haihitaji uthibitisho usioacha shaka kama kesi ya jinai, bali hutosheka na kile kinachoelekea zaidi kuwa kweli. Alidai pauni moja tu, kwa madhara ya akili aliyoyapata siku ile, ili mahakama ipate sababu ya kutamka. Mabrouk, ambaye alikana kuhusika, alikuwa amepigwa marufuku kuingia nchini mwaka 2019 na hakufika kujitetea. Mwezi Novemba 2021 Jaji Martin Spencer wa Mahakama Kuu aliamua kwamba, ingawa Mabrouk alikuwa mikononi mwa polisi wakati risasi zinafyatuliwa, alishiriki katika mpango wa pamoja wa kutumia nguvu dhidi ya waandamanaji na hivyo anawajibika pamoja na waliofyatua. Hukumu hiyo haikumpeleka mtu gerezani, kwa kuwa mahakama ya madai haina uwezo huo, na waliosimama nyuma ya madirisha ya jumba namba 5 saa 4:18 ya asubuhi ile hawajafikishwa mbele ya mahakama yoyote ya jinai.